Ilipokufa, Ulikuwa Unafanya Nini?

Habari za jioni, mafundi wenzangu. Mteja akija akaniambia, "Fundi, nimeshapiga Windows mara tatu na bado kompyuta inakufa," mimi Windows siigusi tena. Namvutia kiti, namwuliza: ilipokufa, ulikuwa unafanya nini?

Akijibu, "Kila nikifungua faili hili hili," basi nashuku programu, au faili lenyewe. Hitilafu ya programu ina makazi: pita njia ile ile, utaikuta pale pale. Lakini akisema leo ilikuwa kivinjari, jana Excel, juzi haikumaliza hata kuwaka, na maneno ya skrini ya buluu hayafanani siku mbili, hapo nashuku vifaa vyenyewe, nachukua bisibisi.

Watu wa Linux walilijua hili tangu miaka ya 1990. Mtu anakompaili kaneli, yaani anageuza msimbo wa kiini cha Linux uwe programu, kazi inayoikamua prosesa (inayofanya hesabu) na RAM (kumbukumbu ya kazi) kwa muda mrefu, mara inakatika kwa signal 11, yaani programu imegusa kumbukumbu isiyoruhusiwa. Anaanza upya bila kubadilisha hata nukta, inakatika tena, ila mahali pengine. Hesabu ni ile ile na kanuni ni zile zile. Anayehesabu, yaani mashine, ndiye mgonjwa.

Sasa, kumpima. Weka MemTest86+, programu ya kupima RAM, kwenye flashi, uwashie mashine humo ili Windows isiingilie, uiache usiku kucha. Usiniambie "imeonyesha kosa moja tu." RAM isiyo na ubovu hutakiwa kuonyesha makosa sifuri. Ukiona kosa, kwanza rudisha kasi ya RAM kwenye kiwango cha kawaida kama iliongezwa kwenye BIOS (mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka), halafu futa meno yake kwa raba, kisha jaribu kipande kimoja kimoja, sloti moja moja. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Fundi anayebadilisha vitatu kwa mpigo mashine ikapona, hajui kilichoiponya, na mteja amelipia vitatu.

RAM ikifaulu, bado joto, pawasaplai na prosesa yenyewe. Zamani tulikuwa tunasema prosesa haifi, ila hufa kwa radi. Mwaka 2024 Intel ilikiri kwamba baadhi ya prosesa zake za kizazi cha 13 na cha 14 zilikuwa zinaharibika kwa kupewa volteji kubwa kupita kiasi. Wachezaji wa gemu walikuwa wakiona ujumbe kwamba kumbukumbu ya kadi ya picha imejaa, na kadi ni nzima kabisa! Ujumbe unakwambia aliyeanguka, haukwambii aliyemsukuma.

Mimi mwenyewe niliwahi kuaibika. Mashine ya ofisi moja ililala kwangu siku mbili, ikafaulu kila kipimo, nikairudisha kifua mbele. Kesho yake simu: "Fundi, imejizima." Nikaenda. Nikakaa nyuma ya yule dada wa mapokezi, nikamwangalia akichapa barua, hakuna neno. Mara mwenzake chumba cha pili akatuma kurasa kwenye printa ya leza, taa ikafifia kidogo, na mashine ikazima. Printa na kompyuta vilikuwa kwenye ekstensheni moja, imeungwa kwa selotepu.

Yule dada nilikuwa nimeshamwuliza alikuwa anafanya nini. Mwenzake sikumwuliza.