Tumwambie lini mtumiaji ajisajili?

Habari za jioni, ndugu zangu waandaaji wa programu. Nina jambo moja tu leo: ule ukurasa wa "Jisajili" tunaomwekea mtu kabla hajaona chochote. Wengi wetu huuanza siku ya kwanza ya kazi. Mimi nasema usubiri, na nitaeleza usubiri nini.

Kumbukeni Ushahidi. Januari 2008, Kenya ikiwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, wanablogu na wanaprogramu wachache walijenga tovuti ya kukusanya taarifa za matukio na kuziweka kwenye ramani. Mwananchi alituma ujumbe mfupi wa simu, au akajaza fomu mtandaoni, basi. Mtu amejifungia ndani, mtaani kunaungua, unamwambiaje kwanza athibitishe barua pepe? Asingetuma. Na orodha ya majina ya walioripoti ingeweza kuwaponza.

M-Pesa, iliyozinduliwa Machi 2007, ilifanya kinyume, na ilifanya sawa. Ulijisajili kwa wakala, kitambulisho mkononi. Pesa ina mwenyewe. Simu ikiibwa, lazima pawe na njia ya kujua pesa ni ya nani.

Kwa hiyo mimi huuliza: mtumiaji huyu ana nini cha kupoteza tusipomtambua? Tuseme tunatengeneza daftari la mauzo. Mama wa genge ameandika nyanya na vitunguu vya asubuhi. Hivyo vikae kwenye simu yake. Akishafikisha madeni ya wateja ya mwezi mzima, hapo mwambie: "Simu ikipotea, madeni haya yatapotea nayo. Tukuhifadhie?" Sasa ombi linamhusu yeye, si takwimu zetu sisi.

Sababu ya pili ya kudai akaunti ni madhara kwa wengine. Wikipedia ilianza 2001 ikimruhusu yeyote kuhariri bila akaunti. Mwaka 2005 wasifu wa uongo wa mwanahabari John Seigenthaler ulikaa humo miezi kadhaa, na Desemba Wikipedia ya Kiingereza ikaanza kudai akaunti kwa anayeanzisha makala mpya. Kuhariri zilizopo kukabaki wazi. Napenda sana uamuzi ule: walifunga pale tu palipopitisha madhara.

Kusubiri hakumaanishi kutojiandaa, na hapa ndipo kazi ilipo. Tangu siku ya kwanza kila rekodi ipewe namba ya nasibu isiyogongana na ya rekodi nyingine, hata kama haina mwenyewe bado. Rekodi za mauzo zifungwe kwenye duka, si kwa mtu, kwa sababu kesho mama ataajiri kijana wa kumsaidia, nao wawili wataandika daftari moja. Akaunti ikija, inapewa tu haki juu ya duka, hamhamishi kitu. Amueni mapema pia itakuwaje mtu mmoja akiwa ameandika kwenye simu mbili. Msifute upande wowote. Mwonyesheni zote, achague yeye.

Halafu chukueni kidogo. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022, zinataka ukusanye kinachohitajika tu. Na nawasihi, namba ya simu isiwe ufunguo mkuu wa hifadhidata yenu, yaani kile kinachomtambulisha kila mtumiaji. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hugawiwa mtu mwingine, naye akiomba nenosiri jipya kwa ujumbe mfupi, mmemkabidhi daftari la mama.