Korongo wa Nyayo na mbwa asiye wetu

MWENDE: Haya, tumerudi. Otis ameingia anashika kiuno. Waambie watu umetoka wapi.

OTIS: Luthuli, mtaa wa vifaa vya umeme hapa Nairobi, kununua TV.

MWENDE: Si una ile bapa ukutani?

OTIS: Hiyo haifai. Nilitaka ya chogo, ya kioo kizito, kwa sababu ya bunduki ya gemu. Kila duka unaonyeshwa inchi 43! Mwishowe fundi mmoja akanyanyuka, kumbe ndiyo alikuwa ameifanya kiti. Nikaingia nayo matatu ya Buruburu, kondakta akasema nilipie viti viwili.

MWENDE: Na ukalipa.

OTIS: Nikalipa. Kufika Jogoo Road akaniambia niipakate, mama fulani akae. Pesa zikabaki mfukoni mwake, TV mapajani mwangu.

MWENDE: Pole, ndugu yangu. Bunduki nayo?

OTIS: Ile ya Duck Hunt, gemu ya Nintendo ya 1984. Ukifyatua, skrini inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, kisha gemu inachora kiboksi cheupe pale bata alipo. Jicho la mtutuni likiona giza halafu weupe, umempata. TV bapa inachelewesha picha. Weupe ukifika, gemu imeshaacha kuuliza.

MWENDE: Kwa hivyo umewapiga bata.

OTIS: Sina bata. Nimeweka marabu.

MWENDE: Wapi?

OTIS: Mahali pa bata. Wale korongo wa uwanja wa Nyayo, wa kwenye miti ya Mombasa Road. Nimefungua picha za gemu kwa YY-CHR, programu ya kuchorea picha za gemu, nikafuta bata, nikachora marabu na upara wake na ule mfuko wa shingoni.

MWENDE: Leo tulipanga mafunzo matatu ya mtu anayeanza kuunda gemu za Famicom, ile mashine ya zamani ya Nintendo. Nimeyaandika hapa.

OTIS: Tutafika. Sikiza kwanza. Kila kigae, kipande kimoja cha picha, ni pikseli 8 kwa 8, baiti 16 tu. Sipraiti, yaani kigae kinachosogea, inapata rangi tatu, ya nne ni uwazi. Nikachukua nyeusi ya mabawa, waridi ya mfuko, nyeupe ya tumbo. Miguu ikakosa rangi.

MWENDE: Ipake nyeupe.

OTIS: Marabu ana miguu myeupe?

MWENDE: Wewe hupiti Nyayo? Myeupe kabisa. Anajinyia miguuni makusudi, joto likizidi, apoe. Chini ya huo weupe miguu ni ya giza.

OTIS: Wacha!

MWENDE: Haki ya nani. Na hapo ndipo gemu yako ina kasoro. Bata anatoka majanini, anaruka, unampiga. Marabu hana haraka hiyo. Anakaa mtini kama mwenye nyumba anayengoja kodi, wewe unapita chini na shati jeupe la interview. Anayewindwa ni wewe.

OTIS: Sasa hiyo ni gemu nyingine.

MWENDE: Ndiyo gemu yenyewe! Kinyesi kidondoke.

OTIS: Kuchora naweza. Kudondosha ni programu, unaingia asembli ya 6502, lugha ngumu ya chipu yenyewe. Na kuna shida ya mstari. Ile chipu ya picha inaonyesha sipraiti 64, lakini nane tu kwa mstari mmoja wa skrini. Marabu wangu ana upana wa vigae vinne. Wakikaa wawili sambamba, nane zimeisha. Kinyesi ni cha tisa, hakionekani.

MWENDE: Kipishanishe. Fremu hii onyesha kinyesi, fremu ijayo onyesha bawa. Kitametameta.

OTIS: Kinyesi kinachotametameta.

MWENDE: Si ndivyo gemu zetu zote zilivyokuwa? Maadui wakijaa, wanaanza kuwakawaka. Tulidhani ni waya.

OTIS: Tukapiga Ending-Man kofi, ile Famicom yetu ya kuigiza! Sawa, nitajaribu. Kisha nitie kwa kaseti, pini 60, nipeleke Luthuli. TV ijilipe.

MWENDE: Uuze?

OTIS: Niuze.

MWENDE: Otis, yule mbwa wa Duck Hunt anayecheka ukikosa ni wako?

OTIS: Mbwa nimemwacha alivyo.

MWENDE: Ndiyo maana nauliza. Mbwa wa Nintendo, programu ya Nintendo, wewe umebadilisha ndege. Huo ni wizi.

OTIS: Mwende, hapa tulikua na kaseti za "9999999 in 1". Kuna shilingi iliyofika Kyoto?

MWENDE: Haikufika. Nilikuwa mtoto, nikanunuliwa. Wewe una ndevu. Toa faili ya IPS, ina mabadiliko yako peke yake. Mwenye gemu ajibandikie juu ya yake.

OTIS: Ajibandikie na nini? Mtoto wa Kayole ana Ending-Man na TV ya shosho, hana laptopu. Mpe faili ataiweka wapi, sikioni?

MWENDE: Basi andika yako. Wale waunda gemu wa Morphcat walitoa Micro Mages ya mashine hiyo hiyo 2019, kilobaiti 40 tu, na kila kitu chao. Ukiandika yako, uza hadi Mombasa, nami nitanunua.

OTIS: Hao ni mabingwa. Mimi nimejifunza kwa kufungua ya mtu.

MWENDE: Kujifunza sijakataa. Nimekataa bei.

OTIS: Kuchora mabawa ni kazi. Kuchoma kaseti ni kazi. Kazi hailipwi?

MWENDE: Ilipwe ikiwa juu ya kitu chako.

OTIS: Sioni hivyo.

MWENDE: Najua huoni.

OTIS: Na sitaona.

MWENDE: Sawa. Mafunzo, basi. La kwanza: pakua cc65, programu ya kutafsiria msimbo, uandike kwa lugha ya C kabla ya asembli. La pili...

OTIS: Jamaa wa studio anagonga kioo. Saa yetu imeisha.

MWENDE: Uliimaliza na ndege. La pili lilikuwa Mesen, programu inayoiga Famicom kwenye kompyuta, ujaribu hapo kabla ya kuchoma chochote, na uiweke kwenye hali ya Dendy, maana vifaa vyetu vingi ni fremu 50 kwa sekunde, si 60 kama Marekani. La tatu...

OTIS: Nimepata! Marabu wasikae sambamba. Mmoja tawi la juu, mwingine la chini.

MWENDE: La tatu limekufa. Sasa kinyesi kinadondoka cha nani?

OTIS: Wa juu.

MWENDE: Kimwangukie wa chini?

OTIS: Aa. Hapo sasa...

MWENDE: Wasikilizaji, tunafukuzwa. Kwaherini.