Kunusa ni Nusu ya Kula: Asili ya Jina la Tagore

Ndugu zangu, nimeombwa nizungumzie majina ya koo za Kihindu. Yako maelfu, kwa hiyo nimechagua moja: Tagore, ukoo wa Rabindranath, mshairi aliyepata Nobeli mwaka 1913.

Wabengali wenyewe, watu wa kwao huko Bengali, mashariki ya Bara Hindi, hulitamka Thakur. Thakur ni cheo, maana yake bwana, na hata miungu huitwa hivyo. Kwetu mfano wake ni Mwinyi: heshima iliyogeuka jina. Ni Waingereza waliolipindapinda likawa Tagore. Kabla ya hapo waliitwa Kushari, kwa kijiji cha Kush huko Burdwan.

Nasaba yao huanzia kwa mfalme Adisura. Inasemekana hakupata Bengali nzima Mbrahmini, yaani mtu wa tabaka la juu la makuhani wa Kihindu, wa kumfanyia kafara ipasavyo, akaagiza watano kutoka Kannauj, mji wa mbali kaskazini ya India. Mmoja wao, Bhatta Narayana, ndiye babu yao. Wanahistoria wengi wanatilia shaka kama mfalme huyo aliwahi kuwapo. Lakini babu aliyetoka mbali ana heshima yake. Sisi wa pwani tunajua, waulizeni watu wa Kilwa na Shirazi yao.

Mimi hupenda zaidi hadithi ya pili, ile ya aibu. Karne ya 15, upande wa Khulna, ambayo sasa iko Bangladesh, alikuwako ofisa Mwislamu aitwaye Pir Ali, ambaye zamani naye alikuwa Mbrahmini. Siku moja ya Ramadhani, akiwa amefunga, alinusa limau. Chini yake walifanya kazi ndugu wawili, Kamdev na Jaydev, wa ukoo wa Raychaudhuri wa kijiji cha Dakshindihi. Wakamtania: bwana, saumu imekwisha, kunusa ni nusu ya kula. (Utadhani msemo huu ulitungwa kwa Kiswahili!) Pir Ali akanyamaza. Baadaye akawaalika nyumbani, na jikoni nyama ya ng'ombe inachemka. Walipoziba pua, akawarudishia maneno yao: mmeshanusa, basi mmeshakula, Ubrahmini umewatoka.

Wawili hao wakasilimu. Ndugu zao waliobaki Wahindu hawakusalimika. Wakabandikwa jina la Pirali, na Wabrahmini wengine wakakataa kula nao na kuoana nao. Kushari mmoja, Jagannath, akaoa kwa Sukdev, ndugu wa wale wawili. Doa likahamia kwa Wakushari.

Mwishoni mwa karne ya 17, Panchanan Kushari akahamia Govindapur, kando ya mto Hooghly, mahali palipo sasa Kolkata. Akawa anauzia meli za Waingereza vyakula. Wavuvi wa pale walikuwa watu wa tabaka la chini, na walichokiona ni Mbrahmini amekuja kukaa kati yao. Habari za harufu ya Khulna hawakuwa nazo. Wakamwita Thakur. Waingereza wakasikia, wakaandika.

Basi jina hili kubwa lilitoka vinywani mwa wavuvi. Dwarkanath, babu yake Rabindranath, akalitajirisha kwa biashara, akafika nalo hadi kwa Malkia Victoria. Lakini kwenye posa mambo yalibaki palepale. Desemba 1883 Rabindranath alipooa, utajiri wote ule haukumpatia mke kutoka nyumba kubwa za Kibrahmini za Kolkata. Bibi harusi alikuwa binti wa mwajiriwa wa mashamba yao, Pirali mwenzao, Raychaudhuri wa Dakshindihi.