Chombo kimoja cha msituni na cha ujenzi
(Mhadhara kwa wavunaji wa miti na mafundi ujenzi, Mafinga)

Kamwene nyote, wazee wangu na vijana.

Wengi wenu mnafanya kazi mbili. Wiki hii uko msituni unaangusha misindano (paini), yako mwenyewe au ya kitalu ulichopata kwa TFS, Wakala wa Huduma za Misitu, pale shamba la miti la Sao Hill. Wiki ijayo umeitwa kusomba mchanga na kokoto kwa ajili ya darasa au zahanati. Mtaji ulionao unatosha chombo kimoja tu, na swali ninaloulizwa kila ninapokutana nanyi ni lile lile: ninunue Fuso, Land Cruiser au trekta?

Jibu langu nalitoa mapema. Kwa anayeanza, na mwenye kazi hizo mbili, ni trekta linalovuta kwa magurudumu yote manne, lenye winchi ya kuvutia magogo nyuma na tela la kumwaga. Sasa nitetee hoja yangu.

Tuanze na uzito. Gogo la msindano la mita nne, lenye kipenyo cha sentimita 30, likiwa bichi lina robo tani na zaidi. Pikapu ya Land Cruiser uwezo wake ni kama tani moja. Kwa hiyo magogo manne tu, umeshaijaza. Ni gari ninaloliheshimu, lile la injini ya dizeli ya 1HZ hasa, maana litakufikishia watu, misumeno na dizeli mahali ambapo wengine wameishia njiani. Lakini ukiligeuza kuwa gari la magogo, springi zitalala na chesisi itapasuka, na faida yote ya msimu utaiacha gereji.

Fuso ni kweli inabeba. Kwenye lami na kwenye changarawe iliyoshindiliwa, hakuna wa kushindana nayo. Tatizo ni huku kwetu: mvua zinaanza Novemba na hazituachi mpaka Aprili au zaidi, na udongo wetu mwekundu ukilowa hauna urafiki na gari linalosukumwa na matairi ya nyuma peke yake. Fuso itasimama barabarani, nawe utamlipa mtu mwingine akutolee magogo kwenye korongo ayalete ilipo. Huyo unayemlipa ana nini? Ana trekta. Safari ya Dar es Salaam ikifika, kodi lori. Mwenye lori ndiye atakayejibu pale mizani ya malori ya Wenda, Iringa, na sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 haina huruma: ekseli moja yenye matairi manne ni tani 10, basi.

Ila sababu kubwa ya kuchagua trekta si matope. Ni ile shafti ya nyuma, PTO. Gari la kawaida nguvu ya injini yake inaishia kwenye magurudumu. Trekta linaitoa nje. Shafti ikizunguka mara 540 kwa dakika, asubuhi inaendesha winchi, mchana unafungua winchi unafunga pampu ya maji, kesho jenereta au msumeno wa kuchania mbao. Haidroliki nayo inanyanyua tela likamwaga mchanga bila vijana sita wenye makoleo. Hapo umenunua injini moja, ukapata mashine nyingi.

Wajerumani waliliwaza jambo hili mara baada ya Vita vya Pili. Mhandisi Albert Friedrich na wenzake walikuwa na gari la kwanza la majaribio mwaka 1946, wakaliita Unimog. Upana kati ya magurudumu yake ulikuwa milimita 1270, ili lipite sawasawa juu ya mistari miwili ya viazi. Magurudumu yote manne yanavuta, difu zinafungwa ili magurudumu ya pande zote mbili yazunguke pamoja, ekseli zimeinuliwa juu ya kitovu cha gurudumu ili tumbo la gari lipite juu ya visiki, na PTO ipo mbele na nyuma. Kwa maoni yangu, kwa kazi za msitu na ujenzi, hakuna gari lililobuniwa vizuri zaidi. Hata hivyo siwashauri mlinunue, kwa sababu moja tu: likikatika gia ya kitovu Jumamosi jioni, spea utaitoa wapi? Massey Ferguson 375, yenye injini ya Perkins ya silinda nne na nguvu za farasi 75, fundi anaijua kwa kuisikiliza, na spea zake mnazipata hapa hapa mkoani. Tafuteni ile ya kuvuta kwa magurudumu manne.

Sasa nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu hapa ndipo vijana wetu wanapofia. Gogo halifungwi juu. Mnyororo ukiufunga kwenye tundu la juu, pale panaposhikwa mkono wa juu wa jembe, gogo likigoma kwenye kisiki trekta linainuka mbele na kumpindukia dereva kabla hajakanyaga klachi. Fungeni chini, kwenye baa ya kuvutia, na wekeni vyuma vya uzito mbele. Trekta lisilo na fremu ya kumkinga dereva lisiingie mlimani. Pedali mbili za breki zifungwe pamoja mnapoingia barabarani, maana ukikanyaga moja ukiwa kwenye mwendo, linageuka ghafla. Tela liwe na breki zake. Tani tano za mchanga kwenye mteremko zitalisukuma trekta mpaka lijikunje. Na PTO iwe na kifuniko chake, koti lisiruhusiwe karibu nayo.

Mkienda kununua lililotumika, fikeni injini ikiwa baridi. Muuzaji akiwa ameshaliwasha, mwambieni mtarudi kesho. Funganisheni PTO na mzigo, msiizungushe tupu. Nyanyueni mikono ya haidroliki ikiwa na uzito, zimeni injini, kisha ngojeni robo saa: ikishuka haraka, haidroliki inavuja. Tingisheni magurudumu ya mbele, halafu angalieni mafuta ya ekseli ya mbele. Yakiwa meupe kama maziwa, maji yameingia, na bei lazima ishuke au muondoke.

Nakaribisha maswali. Nianze na wale wa Igowole waliokaa nyuma.