Kichanga kupiga chafya sio lazima mafua

Mwangaluka kina mama, na nyie kina bibi mliosindikiza wazazi. Leo ni chafya tu, maana kila siku naulizwa hilo hilo, sista mbona kachanga kangu kanapiga chafya tangu asubuhi, kana mafua?

Mara nyingi hakana. Mtoto wa siku chache anapumulia pua, mdomo bado hajauzoea, ndio maana ananyonya huku anapumua bila kuachia titi, sasa tundu zenyewe nyembamba, ndani kuna ute, mabaki ya maji ya tumboni, akicheua maziwa mengine yanapandia puani, bado vumbi na manyoya ya blanketi, na kupenga hajui. Atafanyaje? Anapiga chafya, njia inafunguka, anarudi kwenye titi. Wengine hata ukiwatoa gizani ukawaleta kwenye mwanga wanapiga, ni kawaida.

Ila moshi jamani, hapa mtanuna. Mtu kajifungua juzi, analala chumba kimoja na jiko la mkaa, dagaa zinakaangwa hapo hapo, baba na sigara yake mlangoni, halafu tunasema mtoto ana mafua! Jiko litoke nje, mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua hata mtu mzima. Na siku wale wadudu wakitoka ziwani wingu zima, fungeni madirisha, msimpulizie mtoto dawa.

Mafuta puani hapana, dawa za kuchua zenye mentholi hapana. Pua ikiziba, nunua matone ya maji ya chumvi famasi, unamdondoshea kidogo kabla ya kunyonya, basi. Na atakayekwambia ana kimeo akakatwe (kina bibi nawaangalia nyie) usimsikilize, watoto wanavuja damu na kupata maambukizi kwa kukatwa kitu kisicho na tatizo.

Chafya msihesabu, hesabuni pumzi. Mtoto ametulia, weka simu dakika nzima, ikifika 60 au zaidi rudia, ikiwa bado hivyo mlete. Kifua kinabonyea ndani akivuta pumzi, kakataa titi, midomo ya bluu, joto 38 kwenda juu au mwili umepoa, hapo usingoje siku ya kliniki, panda bajaji usiku huo huo.

Haya, maswali. Mama wa kitenge cha njano, anza wewe.