Kuanza Kazi ya Uhandisi wa Miundo: Fuata Bimu Moja Kutoka Hesabu Hadi Zege

Mbukwenyi ndugu zangu wa Dodoma, na shikamooni wazee mnaotazama pamoja na vijana wenu. Ninazungumza nanyi kutoka Manchester, Uingereza, ninakofanya kazi katika ofisi ya wahandisi wa miundo. Leo ninajibu swali ambalo wadogo zangu walioko vyuoni hunitumia mara kwa mara: mtu asiye na mjomba wala shangazi katika kampuni ya ujenzi anaianzaje kazi hii?

Anaianza kwa mafunzo kwa vitendo, yaani fildi. Hata hivyo, kupata nafasi ya fildi ni jambo moja na kuitumia ni jambo jingine. Wanafunzi wengi hugawanyika makundi mawili: wapo wanaokaa ofisini wakinakili michoro bila kuliona jengo, na wapo wanaoshinda saiti wakihesabu mifuko ya saruji bila kuona hesabu iliyoamua ukubwa wa nguzo. Ushauri wangu ni kwamba uchague kiungo kimoja tu cha jengo, iwe bimu (boriti ya zege inayobeba mzigo kutoka nguzo hadi nguzo), nguzo au kipande cha slabu (bamba la zege la sakafu au dari), kisha uombe ruhusa ya kukifuata tangu kikiwa namba kwenye karatasi hadi kitakapokuwa zege lililokomaa.

Chukua mfano wa balkoni yenye slabu ya unene wa milimita 150. Kwa kuwa balkoni imeshikwa upande mmoja tu, mzigo huuvuta uso wake wa juu, na kwa sababu hiyo nondo zake kuu hukaa juu na si chini kama ilivyo katikati ya slabu ya chumba. Ukiacha milimita 25 za zege la kufunika nondo ya milimita 12, kina kinachofanya kazi, kutoka uso wa chini wa slabu hadi katikati ya nondo, ni milimita 119. Sasa fika saiti asubuhi ya kumwaga zege. Mafundi wanapita juu ya nondo hizo na matoroli, vipande vilivyowekwa kuzinyanyua vinalala, na nondo zinashuka milimita 40. Kina kimebaki milimita 79, maana yake slabu imepoteza takribani theluthi moja ya uwezo wake kabla hata ya kubeba kiti kimoja, na zege likishamwagwa hakuna atakayeliona kosa hilo kwa macho. Mwanafunzi aliyeifanya hesabu ile ofisini ndiye atakayejua kwa nini anapaswa kupima kwa futi, kumwita msimamizi kwa adabu na kuomba nondo zinyanyuliwe kwanza. Yule aliyekwenda saiti bila hesabu ataona nondo tu.

Upande wa ofisini, msikimbilie programu za kompyuta mapema mno. Programu itakupa jibu hata ukiilisha mzigo usio sahihi, na italipamba kwa rangi nzuri. Bimu ya mita 5 iliyoegemea nguzo mbili, yenye mzigo wa kilonyutoni (kipimo cha nguvu) 20 kwa kila mita, hukokotolewa kwa mkono: 20 zidisha kwa 5 mara 5, gawanya kwa 8, unapata momenti, yaani nguvu inayoipinda bimu, ya kilonyutoni-mita 62.5. Kompyuta ikikuletea 620, hujagundua jambo jipya, umekosea kuingiza. Hapa Uingereza pia mhandisi mwandamizi humuuliza kijana hesabu ya mkono kabla ya kutazama kioo cha kompyuta yake, nami naona ni haki kabisa.

Dodoma, kwa maoni yangu, ni mahali pazuri pa kujifunzia. Majengo ya Mji wa Serikali Mtumba, uwanja wa ndege wa Msalato na nyumba zinazoota kila upande wa jiji vimeleta saiti karibu na wanafunzi kuliko ilivyokuwa nilipokuwa mdogo. Hali ya hewa yenyewe ni mwalimu, kwa kuwa upepo mkavu na jua la kiangazi hunyonya maji kwenye uso wa zege upesi na kuleta nyufa, na umwagiliaji wa zege kwa siku saba ili likomae, ambao kwingine huonekana kazi ya mtoto, kwetu unahitaji mpango wa maji ulioandaliwa kabla zege halijamwagwa. Tena tuko katika ukanda wa Bonde la Ufa, na mitetemo ya ardhi si habari ngeni kwetu. Ulizeni ofisini imezingatiwaje katika usanifu.

Wazazi wanaodhani fildi ni kupoteza nauli wakumbuke jengo lililoanguka Mtaa wa Indira Gandhi jijini Dar es Salaam mwezi Machi 2013, na lile la Kariakoo mwezi Novemba 2024. Kuzuia maafa kama hayo ndiyo kazi ambayo watoto wenu wanaiomba, na uangalifu wake haufundishwi darasani peke yake.

Mnapotafuta nafasi, ombeni mapema, barua ya chuo mkononi, na msitazame ukubwa wa jina la kampuni. Ulizeni ni mhandisi gani aliyesajiliwa atakayekagua kazi yenu, na kama mtaruhusiwa kuona hesabu pamoja na saiti. Ofisi ndogo yenye mhandisi mmoja mwenye subira inashinda kampuni kubwa itakayokutuma chai. Posho mara nyingi haipo, jambo ambalo mimi siliafiki, kwani kijana anayevuka jiji kila siku kwenda kufanya kazi anastahili angalau nauli na chakula.

Baada ya kuhitimu, nendeni Bodi ya Usajili wa Wahandisi mkajisajili kama wahandisi wahitimu, kisha muulize kuhusu mpango wake wa mafunzo ya miaka mitatu chini ya mhandisi mlezi, ulioanza mwaka 2003. Wanaotaka kuja huku wajue kwamba michoro na hesabu za Ulaya hutumia kanuni za Eurocode, yaani viwango vya Ulaya vya usanifu wa miundo, na kwamba BS 8110, kanuni ya Uingereza ya miundo ya zege ambayo wengi tulisomea, ilifutwa hapa mwaka 2010. Misingi haibadiliki sana, lakini anzeni kuzisoma sasa. Katika usaili wa kazi waajiri wa huku hupenda kuuliza umefanya nini kwa mikono yako, na hapo daftari la fildi lenye ile balkoni, vipimo vyake, picha ulizoruhusiwa kupiga na saini ya msimamizi wako litakusemea vizuri zaidi ya orodha ya programu unazozijua.