Kongwa na Nira

Mhadhara kwa walei, Dodoma, juma la pili la Kwaresima

Mbukwenyi! Naona wale wa pwani wameitikia salamu yetu ya Kigogo kwa macho tu. Haya, Bwana Yesu asifiwe. Hapo sasa tumekutana.

Ilinipasa nianze kwa kuwataja wakubwa mmoja mmoja, lakini katika mji huu tukianza hivyo saa ya chakula itatukuta tungali kwenye salamu. Itifaki imezingatiwa. Hilo neno itifaki mlishike, nitalirudia.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mstaafu. Theolojia sikuisomea. Mchungaji aliponiomba nizungumze juu ya uhuru, unyenyekevu na kumkaribia Mungu, nilimwambia hizo ni mada tatu, atafute watu watatu. Akacheka, akasema chagua moja. Nimekaa nazo wiki tatu na nimeshindwa kuzitenganisha, na kisa chote ni neno moja katika Wagalatia.

Fungueni Wagalatia 5:1, kwenye Biblia yetu ile ya zamani, iliyotoka kamili mwaka 1952. "Katika ungwana huo Kristo alituandika huru, kwa hiyo simameni, wala msinaswe tena chini ya kongwa la utumwa."

Mmecheka. Nilijua. Mimi nimezaliwa Kongwa, na tangu shule ya Jumapili aya hii imenifanya nitaniwe. "Msinaswe tena chini ya Kongwa!" Jina la mahali ni jina la mahali, na kongwa la Paulo ni kitu kingine. Lakini utani wenyewe ulinisaidia, kwa sababu ulinipeleka kwa babu kumwuliza: kongwa ni nini?

Babu hakunijibu kwa maneno. Alikata tawi lenye panda, akanivisha shingoni, akafunga kamba nyuma ya kisogo, akashika mpini. Akasema, "Nifuate." Nilikuwa na miaka saba au minane. Sijasahau. Si kwamba iliuma sana. Ni kwamba sikuweza kumwona usoni. Kila nilipotaka kumsogelea ule mti ulinisukuma nyuma, na kila nilipotaka kukimbia ulinivuta mbele. Urefu wa mti ndio uliokuwa umbali wetu, na aliyeupanga ni yeye.

Njia kuu ya misafara ya karne ya 19 ilipita kwetu. Ilitoka Bagamoyo, ikaja Mpwapwa, ikavuka nyika kavu ya Marenga Mkali, ikakata Ugogo kwenda Tabora na Ujiji. Tuwe wakweli: si kila msafara ulikuwa wa watumwa. Wengi waliopita walikuwa wapagazi wa Kinyamwezi, wamebeba pembe za ndovu kwa ujira wao. Lakini makongwa nayo yalipita. Na watemi wetu wa Kigogo walikaa njiani wakidai hongo. Wakati ule hongo ilikuwa ushuru halali kabisa: nguo, shanga, waya wa shaba, ulipe ndipo upewe ruhusa ya kupita na kunywa maji. Leo neno hilohilo linaweza kukupeleka mahakamani. Nalitaja kwa sababu Mgogo akihubiri habari za mtoza ushuru wa Luka 18, asimhubiri kama mtu wa nchi ya mbali.

Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922. Basi mtu anaweza kusema: mwalimu, hayo yamepita, kongwa la Paulo ni la kiroho. Polepole. Kongwa la mbao lilikuwa la mbao, na aliyelifungua alifanya kazi ya Mungu hata kama hakulijua jina lake. Nilipokuwa mtoto, miaka ya 1960, pale Kongwa palikuwa na kambi za wapigania uhuru kutoka kusini: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na wengine. Vijana wanazungumza lugha ambazo hatukuzijua, wamekuja mahali panapoitwa Kongwa kujiandaa kuvunja makongwa ya kwao. Mtu aliyeona hayo akiwa mdogo hawezi kuwaambia ninyi kwamba uhuru wa Injili ni jambo la moyoni tu, la kufumba macho na kuimba.

Ila nauliza swali ambalo Paulo aliwauliza Wagalatia, maana wale walikuwa watu huru tayari: ukishavuliwa kongwa, unafanya nini na shingo yako?

Hapo ndipo neno la pili linaingia. Mathayo 11:29. "Jitieni nira yangu, mjifunze kwangu; kwa kuwa mimi ni mpole na mnyenyekevu wa moyo; nanyi mtapata raha nafsini mwenu." Nira. Nilipokuwa nafundisha, mchungaji mmoja aliyesoma Kigiriki alinionyesha jambo ambalo halijaniachia usingizi mpaka leo: katika Kigiriki, kongwa la Wagalatia na nira ya Mathayo ni neno moja. Zugos. Paulo analisema kwa hasira, Yesu analisema kwa upole, lakini neno ni lilelile. Watafsiri wetu ndio waliolipasua vipande viwili. Palipo na utumwa wakaandika kongwa. Yesu anapoita, wakaandika nira. Wangeweza kuandika nira kote, hakuna ambaye angewalaumu. Lakini waliandika kwa ajili ya watu ambao babu zao walikuwa wameyaona makongwa kwa macho, na Kiswahili kilikuwa na neno la kitu hicho hasa.

Kwa hiyo tofauti kati ya kongwa na nira ni nini? Vyote ni mti. Vyote huwekwa shingoni. Wanafunzi wangu wa kidato cha pili wangesema "kimoja cha mtu, kingine cha ng'ombe", na ningewapa nusu maksi.

Baba yangu alilima kwa plau. Tulikuwa na maksai wawili, Dereva na Shilingi. Dereva alikuwa mzee, amelima misimu mingi. Shilingi alikuwa dume jipya, na kazi yangu ilikuwa kutangulia mbele nikiwaongoza huku baba ameshika plau nyuma. Mnaofuga mnajua: ng'ombe mpya hafungwi na mpya mwenzake, labda kama umechoka na shamba lako. Anafungwa na aliyezoea. Siku za kwanza Shilingi alikuwa akikimbia mbele, shingo inachubuka. Kisha akagoma akabaki nyuma, shingo ikachubuka vilevile. Ilipona siku alipoanza kwenda mwendo wa Dereva. Sikumfundisha mimi, wala baba hakumfundisha. Alifundishwa na bega lililokuwa karibu yake.

Nadhani mmeshaona ninakokwenda. Kongwa lina mpini, na mwenye mpini yuko mbali, anatembea wima. Nira haina mpini. Nira ni ya wawili. Yesu hasemi "jitieni nira nitakayowapa", halafu akae kivulini chini ya mbuyu akituhesabia matuta. Anasema nira yangu. Iko shingoni mwake tayari, na upande mmoja uko wazi.

Sasa nije kwenye unyenyekevu, na hapa nitawaudhi kidogo.

Mji huu tunaujua. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ni wa mwaka 1973, lakini tangu 2016 ndipo tumeuona kweli: majengo, barabara, magari yenye vioo vyeusi. Na pamoja nayo tumepata aina ya unyenyekevu inayovaliwa asubuhi na kuvuliwa jioni. Mtu anainama mbele ya bosi mpaka tai inagusa meza, "ndiyo mheshimiwa, sawasawa mheshimiwa", akitoka mlangoni anamfokea mlinzi. Huo msiuite unyenyekevu. Ule ni mpini wa kongwa: nyuma unasukumwa, mbele unasukuma.

Lakini msidhani nawasema ninyi peke yenu. Nilistaafu nikiwa mkuu wa shule. Miezi michache baadaye nikaenda kwenye ofisi fulani kufuatilia karatasi zangu, nikakaa kwenye benchi tangu saa mbili asubuhi. Saa sita hivi kijana akachungulia akasema, "Wewe mzee, ingia." Alikuwa mwanafunzi wangu. Hakunitambua. Karatasi zilikuwa hazijapatikana, nirudi wiki ijayo, na hilo nililimeza. Kilichonikwama kooni ni lile "wewe mzee". Nilirudi nyumbani na bodaboda nikiwa nimekasirika njia nzima, namwambia Mungu: miaka 34, hata "mwalimu" hakuna? Usiku ndipo nikagundua nilikuwa nalivaa kongwa ambalo hakuna aliyenifunga. Jina la cheo. Mtu yeyote aliyetaka angeweza kushika mpini wake, kijana wa kaunta angeweza, na mimi ningekwenda anakotaka. Hebu niambieni, huyo ni mtu huru?

Ndiyo maana napenda jinsi Yohana 13 inavyopangwa. Kabla Yesu hajavua mavazi na kujifunga kitambaa, Yohana anasimama kwanza kutuambia kwamba alijua Baba amempa vyote mikononi mwake, na kwamba alitoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Kisha anachukua beseni. Aliweza kushika miguu yenye vumbi kwa sababu hakuna aliyeweza kumpandisha wala kumshusha. Unyenyekevu wa Yesu hautoki kwenye unyonge. Mnyonge anainama kwa kuwa amesukumwa, naye Yesu aliinama wakati hakuna mkono mgongoni mwake.

Na Kiswahili kinatusaidia tena, niruhusuni mwalimu wa lugha nifurahi kidogo. Warumi 1:1: "Paulo, mtumwa wa Kristo Yesu, aliyeitwa kuwa mtume." Mtumwa, mtume. Yote yanatoka kwenye kutuma. Ongezeni mtumishi, na humu ndani watumishi wa umma ni wengi. Na lile neno la Wagalatia 5:1, ungwana: pwani mwungwana alikuwa yule asiye mtumwa, na heshima yake ilitegemea kuwepo na mtu chini yake. Sasa someni aya ya 13, "tumikianeni kwa upendo". Paulo anawaita waungwana, kisha anawapa kazi ya watumwa, kila mmoja kwa mwenzake. Zamani Mswahili angesema huo ni wendawazimu.

Nilisema nitarudi kwenye itifaki. Kumwona mkubwa hapa mjini kuna ngazi: mlinzi, masjala, katibu muhtasi, "andika barua", "njoo kesho". Naogopa tumemjengea Mungu ofisi ya namna hiyo. Mtu ana mtoto mgonjwa, badala ya kupiga magoti nyumbani anatafuta nani ana njia ya kumfikia Mungu haraka, analipa, anapewa chupa ya maji au mafuta. Hapo hongo imerudi Ugogo, ulipe ndipo upite. Yule mtoza ushuru wa Luka alisimama mbali, hakuthubutu hata kuinua macho, na sala yake haikuwa na barua ya utambulisho. Alikwenda nyumbani amehesabiwa haki. Farisayo naye alisimama, na kwa jinsi Luka anavyoieleza, alisali "moyoni mwake", yaani alikuwa akizungumza na Farisayo mwenzake.

Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa hajui kusoma. Kiangazi alikuwa akituchukua kwenye korongo kuchota maji. Mnakumbuka, vijana wa bomba hamjui: unachimba mchangani, unangoja maji yakusanyike, unateka kwa kata. Mwezi wa saba unachimba kiasi cha kiwiko. Mwezi wa kumi na moja shimo limeshuka hata unapiga magoti, unalala kifudifudi, kichwa kiko ndani, miguu iko nje. Bibi alikuwa akisali akiwa hivyo. Tunasikia sauti inatoka ardhini. Nilimwuliza mbona asali shimoni, si kanisani tu. Akasema, "Hapa nimeshainama tayari, nisimame tena nikainame kwingine kwa nini?"

Zaburi 34 inasema Bwana yu karibu nao waliovunjika moyo. Nimesikia ikihubiriwa misibani mara nyingi, kama pole. Mimi naisikia kwa sauti ya bibi. Kama Mungu ameshuka, na Wafilipi 2 inasema ameshuka mpaka namna ya mtumwa, basi kukutana naye ni suala la mahali alipo. Anayemtafuta juu kwa cheo, hata cheo cha kanisani, hata uzee wa kanisa, wanapishana njiani.

Muda naona umekwisha, katibu ananionyesha saa. Nimalizie habari ya wale maksai, maana kuna mtoto hapa mbele ananitazama kama namdai.

Tulikuwa tunalima mpaka jua linapokuwa kali, kisha baba anafungua nira. Mwaka ule wa kwanza, Shilingi alipofunguliwa aliruka, akakimbia mpaka kwenye mibuyu, tukamfuata kwa mbio. Msimu wa pili baba alifungua nira kama kawaida, akaiweka begani. Dereva akaanza kwenda kwenye maji, pole pole, na Shilingi akaenda naye, bega kwa bega, upande wake uleule wa kushoto, na hakuna mti wowote kati yao. Baba alisimama akiwatazama hadi wakafika. Hakusema kitu.

Haya, maswali. Naona mkono kule nyuma. Karibu, mama.